Pudini laini ya matunda: pika tunda peke yake kwanza, ndipo likutane na maziwa

Mwiko Mrefu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa jikoni. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka anaweza kushuka moja kwa moja kwenye vipimo vya embe, ila namsihi asiruke habari ya papai, maana hapo ndipo pudini nyingi za matunda zinapoharibikia.

Siku moja nilitengeneza pudini ya papai kwa ajili ya wageni. Papai lilikuwa limeiva sawasawa, jekundu, tamu mpaka karibu na ganda. Nikalisaga, nikalichanganya na maziwa yaliyopoa pamoja na jelatini, nikamimina kwenye vibakuli na kuviweka kwenye friji. Baada ya saa tano nikainamisha kibakuli kimoja: kilitiririka kama uji mwepesi. Nikadhani jelatini ilipungua, basi nikaonja. Chungu! Na si ule uchungu wa papai bichi. Huu ulikuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza, ukakaa hapohapo. Maziwa yalikuwa mazima na papai lilikuwa tamu, lakini walipokutana wakaharibiana.

Sababu niliipata baadaye. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Jelatini ni protini, kwa hiyo ikikatwakatwa haiwezi tena kushikana na kuganda. Maziwa nayo yana protini, na baadhi ya vipande vinavyobaki baada ya kukatwa ni vichungu. Nanasi lina cha kwake, bromelaini, ndicho kinachochangia ulimi kuwasha ukila nanasi jingi. Kiwi inacho, na tangawizi mbichi inacho pia. Kuligandisha tunda kwenye friza hakusaidii, kwa kuwa baridi inakilaza tu na kikipata joto kidogo kinarudi kazini. Kinachokiua ni moto. Ndiyo maana nanasi la kopo halisumbui jelatini kabisa: limeshapikwa kiwandani.

Toka siku hiyo nina utaratibu mmoja. Tunda napika peke yake, kwenye sufuria yake, mpaka lichemke kweli na lipungue maji. Maziwa yana sufuria yake. Vinakutana mwishoni, vyote vikiwa na joto linalokaribiana. Papai na nanasi nayapa dakika kumi za kutokota, maana papaini ni sugu, uvuguvugu haiuogopi. Embe halina fujo hiyo, lakini nalo napika, kwa sababu nyingine: maji. Tunda lililoiva ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na maji hayo ukiyaingiza kwenye pudini yataidai unga zaidi, unga ukizidi pudini inakuwa na ladha ya gundi. Bora maji yaondoke kwanza.

Sasa embe. Vipimo hivi vinatosha watu sita.

Saga nyama ya embe gramu 500, halafu pitisha kwenye chujio la matundu madogo huku unasukuma kwa mgongo wa kijiko. Usione uvivu hapa. Hata embe linaloonekana halina nyuzi utakuta limeacha nyuzi kwenye chujio, na nyuzi moja tu kwenye ulimi inatosha kuharibu ulaini wote. Weka rojo hilo kwenye moto mdogo, koroga, mpaka ibaki kama gramu 350. Utajua limefika pale ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia inabaki wazi kidogo kabla rojo halijarudi. Rangi nayo inabadilika, kutoka njano ya jua kwenda rangi ya asali.

Kwenye bakuli changanya sukari gramu 80, wanga wa mahindi gramu 40 (ule mweupe laini sana, si unga wa ugali) na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Vichanganye vikiwa vikavu, hapo ndipo mabonge yanapozuiwa. Ongeza viini vitatu vya mayai na maziwa baridi kidogo, piga mpaka iwe laini. Maziwa yaliyobaki, jumla yote nusu lita, yapashe mpaka yatoe mvuke, kisha yamimine kidogo kidogo kwenye bakuli huku mkono mwingine unapiga bila kusimama. Ukimwaga yote kwa mpigo mayai yatashtuka na kuiva vipande vipande. Rudisha kila kitu kwenye sufuria, moto wa wastani, koroga hadi kwenye pembe za chini. Ikianza kutoa mapovu mazito, yale yanayopasuka polepole, hesabu dakika mbili nzima ndipo uondoe. Tia siagi gramu 20, kisha rojo la embe likiwa bado la moto. Onja: iwe tamu kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ubaridi unapunguza utamu mdomoni. Mimina kwenye vibakuli papo hapo. Funika kwa karatasi ya plastiki inayogusa uso wa pudini ili isifanye ngozi juu. Saa nne kwenye friji.

Ukishaimimina usiikoroge tena. Wanga ukishaganda ukauvuruga, haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Karibuni.

Kijiko Cha Chai

Mkuu asante sana. Naomba msaada wako. Mimi natengeneza karibu hivyohivyo, mayai, wanga, maziwa, lakini naweka ndizi mbivu. Nikitoa jikoni ni nzito kabisa, inasimama kwenye kijiko. Nalala nikiwa na furaha. Asubuhi nafungua friji nakuta imekuwa supu. Imetokea mara tatu. Nimeongeza wanga, bado. Nimebadilisha maziwa, bado. Ni ndizi?

Mwiko Mrefu

Pole sana ndugu yangu, hiyo inavunja moyo. Kabla ya kuituhumu ndizi, niambie: ikiwa kwenye moto, unaiacha itoe mapovu, au unaitoa ikishakuwa nzito tu?

Kijiko Cha Chai

Naitoa ikishakuwa nzito. Naogopa mayai yasikatike.

Mwiko Mrefu

Basi tumempata mhusika. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachoitwa amilesi, na chakula chake ni wanga. Pudini inaweza kuwa nzito kabla haijafika kwenye mchemko, ukaona imeiva, kumbe kile kimeng'enya kiko hai. Usiku mzima kinautafuna wanga taratibu. Kuongeza wanga hakusaidii, ni kukiongezea chakula.

Dawa ni ule mchemko wa mapovu, dakika mbili, unakoroga. Najua unaogopa mayai, na ungekuwa unapika kastadi ya mayai matupu ungekuwa na haki: hiyo ikipita nyuzi joto 85 inakatika. Lakini palipo na wanga wa kutosha, wanga unayakinga mayai yasishikane mabonge. Chemsha bila wasiwasi.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Ukionja kwa kijiko, usikirudishe kijiko hicho kwenye sufuria. Mate yetu yana amilesi pia. Tone dogo tu kwenye pudini iliyokwisha kutoka motoni linaweza kuilegeza kufika asubuhi. Onja kwa kijiko safi kila mara.

Kijiko Cha Chai

Subhanallah. Kijiko kimoja ndicho naonjea mwanzo mpaka mwisho. Najaribu kesho, nitaleta majibu.

Mti wa Dirishani

Mwanzisha uzi, nakuheshimu, ila kwenye embe sikubaliani nawe. Embe lililopikwa linapoteza ile harufu inayokufanya ulinunue. Linabaki na utamu na rangi, lakini harufu ya embe lisilopikwa, ile inayojaa chumba ukilikata, inaondoka na mvuke. Mimi nasaga, nachuja, nachanganya na krimu iliyopigwa na jelatini iliyoyeyushwa, basi. Na inaganda vizuri kila siku, kwa sababu kama ulivyosema mwenyewe embe halina fujo ya papai. Sasa nilipike la nini?

Mwiko Mrefu

Hoja yako ni ya kweli na sitaibishia. Harufu inapungua. Kwa pudini yako ya krimu na jelatini, embe lisilopikwa ndilo linalofaa, na moto hauna nafasi hapo. Mimi nazungumzia pudini ya wanga na mayai, ambayo haibebi maji mengi.

Ila umenifanya nijaribu kitu leo asubuhi. Nimepika robo tatu ya rojo, robo iliyobaki nikaiacha mbichi. Pudini ilipotoka motoni nikatia la kupikwa, nikasubiri dakika kama tano ipungue ukali wa joto, ndipo nikatia lile bichi. Lilikuwa limekaa nje ya friji, halikuwa la baridi. Tofauti inaonekana kwenye kijiko cha kwanza kabisa. Nitafanya hivi siku zote. Asante mkuu, umeboresha pudini yangu.

Utupe vipimo vyako vya jelatini basi, wadau wanufaike.

Mti wa Dirishani

Jelatini ya unga gramu 7 kwa mchanganyiko wa nusu lita: rojo la embe kama mililita 300 na krimu 200. Jelatini inyunyize juu ya maji baridi vijiko vitatu vya chakula, iache dakika tano ivimbe iwe kama sifongo. Usiianzie kwenye maji ya moto, itafanya vidonge ambavyo nje vimeyeyuka na ndani ni vikavu. Ikishavimba ipashe taratibu mpaka iwe angavu, isichemke. Kisha chukua vijiko vichache vya embe utie kwenye jelatini kwanza, ukoroge, ndipo umimine kwenye embe lote. Ukimwaga jelatini ya moto moja kwa moja kwenye embe la baridi, inaganda nyuzi nyuzi ukiiangalia. Krimu piga ikiwa baridi sana, ifike pale inaposhika umbo laini, halafu ikunje ndani kwa mwiko, si kwa mashine.

Ganda Lililojikunja

Mimi nakuja na pasheni kwa wasiotaka kupika kabisa. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, lile la kama gramu 400. Krimu mililita 250. Maji ya pasheni yaliyochujwa, mililita 130 hivi. Piga kwa blenda dakika mbili au tatu, mimina, weka kwenye friji saa nne. Hakuna jelatini wala mayai, na inashika yenyewe. Mwanzo nilidhani nimefanya muujiza.

Angalizo langu: mbegu usizisage zikapondeka. Gusa blenda mara mbili tatu kwa kushtukiza ili nyama iachane na mbegu, kisha chuja. Mbegu zikipondeka unapata chengachenga nyeusi na uchunguuchungu.

Mwiko Mrefu

Hii ni nzuri mno, na ni vyema watu wajue kwa nini inashika, ili wasiijaribu kwa embe wakalaumu kopo. Pasheni ni kali sana. Protini kuu ya maziwa, kaseini, huanza kushikana asidi ikifika kiwango fulani, na pasheni inakifikisha huko bila shida. Kwenye maziwa ya kawaida ungepata mabonge na maji pembeni. Lakini kwenye maziwa mazito yenye sukari na krimu kuna sukari nyingi, mafuta mengi na maji machache, kwa hiyo badala ya mabonge unapata uzito wa pamoja, laini. Limau na ndimu hufanya kazi ileile. Embe tamu halina ukali wa kutosha, ukilifanya hivyo bila jelatini litabaki la kunywewa.

Msafiri wa Jioni

Samahani wakuu, mtoto wangu hawezi maziwa wala mayai. Nimejaribu tui la nazi na unga wa mwani, ile agari. Inatoka ngumu, ukiikata inakatika kama kifutio. Laini haiji. Kuna namna?

Bakuli la Udongo

Karibu mkuu, hili nimelihangaikia muda mrefu kwa sababu nyumbani kwetu pia maziwa hayaliki.

Kwanza habari njema: agari si protini, kwa hiyo papai na nanasi haviiwezi. Habari ngumu ni kwamba kwa asili yake inaganda kikavu, inakatika. Njia niliyoizoea ni kuiacha igande, kisha kuivunja.

Chukua maji au tui jepesi mililita 300, tia agari ya unga kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga ikiwa bado baridi, kisha chemsha dakika tatu. Isipochemka haiyeyuki, itakaa chini kama mchanga. Punguza moto, tia tui zito mililita 250 na sukari. Hapa moto uwe mdogo, tui zito likitokota kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu. Ondoa motoni, tia rojo la tunda mililita 250 likiwa la moto. Nasisitiza la moto. Agari inaganda ikiwa bado na joto la mwili wa mtu, haingoji friji. Ukiikutanisha na rojo lililotoka kwenye ubaridi, inafanya punje punje ndani ya sekunde chache na hakuna kurudi.

Acha igande kabisa. Sasa itie kwenye blenda, isage mpaka iwe kama losheni nzito. Haitaganda tena kuwa kigumu, itabaki hivyo, laini, inashika kijiko. Mimina kwenye vibakuli, rudisha kwenye friji. Mtoto hatajua kama haina maziwa.

Msafiri wa Jioni

Kusaga baada ya kuganda! Sikuwahi kuwaza hivyo. Nikitumia papai?

Bakuli la Udongo

Linafaa, na hutalazimika kulipika kwa sababu ya kuganda. Tui lina protini kidogo nalo, hivyo papai lisilopikwa likikaa siku mbili ladha inaweza kubadilika. Kama ni la kuliwa leo, usijali. Kama ni la kukaa, lichemshe kama mwanzisha uzi alivyosema. Ongeza ndimu kidogo mwishoni, papai peke yake lina utamu uliolala.

Ganda Lililojikunja

Je, parachichi na stafeli? Kuna mtu amejaribu?

Mwiko Mrefu

Parachichi usilipike kamwe. Hili ndilo tunda linalovunja utaratibu wangu: likipata moto linakuwa chungu. Saga likiwa halijapikwa, limeiva vizuri, pamoja na ndimu na maziwa mazito au tui. Lina mafuta yake, halihitaji kugandishwa. Ndimu inachelewesha weusi ila haiuzuii, kwa hiyo liwe la kuliwa siku hiyohiyo, na plastiki iguse uso wake.

Stafeli nalo moto unaliondolea harufu, na harufu ndiyo stafeli lenyewe. Lisugue kwenye chujio kwa mkono, toa mbegu zote moja moja. Usisage na mbegu, mbegu zake zina sumu. Kisha lichanganye na maziwa mazito na krimu kama pasheni, lakini ni la ukali wa wastani, ongeza ndimu au jelatini kidogo.

Na kwa pudini zote zenye maziwa na mayai: zisikae nje zaidi ya saa mbili, zikishaingia kwenye friji ziliwe ndani ya siku tatu. Usizigandishe kwenye friza zile za wanga, zikiyeyuka zinatema maji na kubaki kama sifongo.

Kijiko Cha Chai

Nimerudi na majibu niliyoahidi.

Jana nimeichemsha dakika mbili kamili, mapovu yalikuwa yanaruka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilidhani mayai yameshaharibika, lakini ilipotulia ilikuwa laini kama ilivyokuwa. Ndizi niliziponda na ndimu, nikazipika peke yake dakika chache, nikatia mwishoni. Kila kuonja nilichukua kijiko kipya, nimeosha vijiko saba.

Leo alfajiri nimefungua friji kabla hata ya kuwasha taa. Nimetoa kibakuli kimoja, nikakiinamisha polepole juu ya sinki. Haikutembea. Nikakigeuza kabisa, midomo chini, nikahesabu mpaka kumi. Imeshika palepale. Nimekula chote nikiwa nimesimama, na sasa nawaamsha wengine.